Watoto Wadogo Waweza Kuoka Mkate

Wakulima wengi wa skimu wanajua sana habari za ng'ombe, viazi na kabichi, lakini ukiwauliza juu ya mkate watakuambia kwamba mkate ni kitu cha dukani. Tena ukisema kwamba mkate huo waweza kuokwa nyumbani na watoto wa miaka minne au mitano, watacheka. Mimi pia nilicheka. Niliona kwamba watoto wadogo na unga ni kama mbuzi na shamba la kabichi, kazi yao ni kuharibu tu. Lakini Jumamosi moja nilikwenda Kinangop, Nyandarua, kwa shughuli ya mbegu za viazi, nikaona jambo ambalo limenigeuza mawazo. Leo nataka kuwaeleza wasomaji jinsi linavyofanywa, maana ni jambo ambalo kila nyumba yenye jiko, sufuria na watoto yaweza kulifanya.

Nyumba niliyofikia iko katika shamba mojawapo ya yale yaliyogawanywa katika mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza 1962. Mwenye nyumba ni mama mzee. Anao wajukuu wanne, na watoto wa majirani huja kwake Jumamosi asubuhi wazazi wao wanapokwenda shambani au sokoni. Wote humwita Shosho. Siku ile walikuwa saba. Mdogo kabisa alikuwa na miaka mitatu, mkubwa ana miaka minane. Nilipoingia uani niliwakuta wamezunguka beseni la maji, wanaosha viazi, na kila mmoja amekunja mikono ya sweta mpaka kwenye viwiko.

"Karibu, baba," Shosho aliniambia. "Lakini nawe osha mikono kwa sabuni. Hapa hakuna mgeni."

Nikaosha.

Mstari wa majivu

Jambo la kwanza nililoliona lilikuwa mstari wa majivu. Jiko la makaa lilikuwa nje, chini ya kibanda kisicho na kuta, na Shosho alikuwa amemwaga majivu kulizunguka, hatua tatu kutoka jikoni kila upande. Ndani ya mstari ule alikanyaga yeye peke yake. Watoto walikuwa na kazi zao nje ya mstari, na kazi zilikuwa nyingi hata sikumwona mtoto aliyetamani kuuvuka. Mvulana mmoja aliusogelea kwa vidole vya miguu, akasimama hapo na kuangalia makaa. Hakuna aliyempigia kelele. Shosho alimwambia tu, "Macho yanaruhusiwa, miguu hairuhusiwi." Yule mtoto akacheka, akarudi kwenye viazi.

Hapana budi niwaambie kwa nini mstari ule ulinigusa sana. Katika nyumba yangu mimi, watoto walikuwa wakifukuzwa jikoni kila siku. "Toka hapa! Utaungua!" Hayo ndiyo waliyoyasikia. Hawakupewa kazi, wala hawakuonyeshwa mahali pa kusimama. Basi siku moja binti yangu, akiwa na miaka mitatu, alingoja mpaka hakuna mtu, akaingia kuona ni kitu gani hicho kinachofichwa. Akavuta sufuria ya chai. Chai ikammwagikia mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni. Mimi nilikuwa uani nikitengeneza jembe, hatua kumi tu kutoka pale.

Tena nikaongeza kosa juu ya kosa. Nilimpaka mafuta ya kupikia, kama nilivyoona wazee wakifanya. Kwenye zahanati niliambiwa waziwazi kwamba mafuta yale yalishika joto na kuleta uchafu kwenye jeraha. Mtoto akiungua, mweke mara moja chini ya maji baridi yanayotiririka, ya bomba au ya kumimina kwa kikombe, kwa muda wa dakika 20. Si barafu. Mvue bangili na nguo iliyo mahali hapo, ila kama imeshikamana na ngozi iacheni. Kisha funika kwa kitambaa safi, mpeleke hospitali. Usipake siagi, wala dawa ya meno, wala yai, wala udongo. Mtoto wangu alipona, lakini alama iko mkononi mpaka leo.

Nilimsimulia Shosho habari hiyo tulipokuwa tukimenya viazi vilivyochemshwa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, mtoto hawezi kushindana na kitu asichokijua. Mpe kazi ndogo karibu nawe, hatatafuta kubwa nyuma yako." Niligundua baadaye kwamba watoto wawili walikuwa wakitusikiliza.

Vitu vinavyotakiwa

Mkate waliooka siku ile ni mkate wa viazi. Nimeupenda kwa sababu viazi vyetu sisi wenyewe tunavyo, na mara nyingi vile vidogo ambavyo mnunuzi hataki hubaki vinaoza ghalani. Tena mkate wenye viazi hukaa laini kwa siku mbili tatu, wakati ule wa unga mtupu hukauka upesi.

Twaa unga wa ngano vikombe 3, viazi vilivyochemshwa na kupondwa kikombe 1, hamira ya chenga vijiko 2 vya chai, sukari vijiko 2 vya mezani, chumvi kijiko 1 cha chai, na siagi au mafuta vijiko 2 vya mezani. Maziwa ya uvuguvugu yatatakiwa nusu kikombe au zaidi kidogo. Tumia kikombe kimoja kupimia vyote. Viazi visiwe vya kijani, na mahali palipochipua pakatwe na kutupwa.

Maziwa ni lazima yachemshwe kwanza, halafu yaachwe yapoe. Nasema hivi kwa sababu wengi wetu wenye ng'ombe tumezoea kuamini kwamba maziwa ya ng'ombe wetu hayawezi kutudhuru. Yaweza. Ugonjwa wa brusela hupita katika maziwa mabichi, na kifua kikuu cha ng'ombe pia, na ng'ombe mwenye afya machoni aweza kuwa nao.

Unga wa vikombe 3 ni chini ya robo ya pakiti ya kilo 2. Nautaja uzito huo kwa ajili ya akina baba, ambao najua watauliza.

Kazi ya kila mtoto

Yule wa miaka mitatu alipewa kazi ya kuponda viazi kwa mwiko ndani ya bakuli zito lisilopinduka. Hiyo ni kazi ambayo haina kosa, maana hata akiponda vibaya vitapondeka tu. Aliponda mpaka pua yake ikajaa viazi. Wawili wa miaka minne walimimina unga kikombe kwa kikombe, na wenzao walihesabu kwa sauti. Walipofika kikombe cha pili kukatokea ugomvi juu ya kikombe gani kimejaa na kipi hakikujaa. Shosho hakuamua. Alichukua kisu butu, akawaonyesha jinsi ya kusawazisha unga juu ya kikombe, akawaachia wamalize wenyewe. Mtoto wa miaka minane ndiye aliyesoma vipimo kutoka kwenye karatasi.

Kisha ikaja hamira. Hapa ndipo Shosho alipokaa sana, na mimi nafikiri ndipo penye utamu wa shughuli nzima. Hamira ni vijidudu hai, vidogo hata jicho haliwezi kuviona kimoja kimoja. Vikipata uvuguvugu na sukari huamka, hula, na kutoa hewa; hewa hiyo ndiyo inayouinua mkate. Vikipata maziwa ya moto hufa, na mkate hubaki kama tofali. Kwa hiyo kila mtoto alitiwa tone moja la maziwa juu ya kifundo cha mkono, kama mama anavyopima maziwa ya mtoto mchanga. Wakakubaliana kwamba si moto wala si baridi. Hamira na sukari vikatiwa, bakuli likafunikwa, wakakaa kungoja dakika 10.

Dakika 10 ni muda mrefu kwa mtoto wa miaka minne. Kila baada ya muda mfupi walimwomba Shosho afunue, naye alikataa. Alipofunua hatimaye, povu lilikuwa limepanda juu. "Shosho, inapumua!" mmoja alipiga kelele. Nimekuwa nikila mkate miaka mingi, na sikuwahi kufikiri kwamba ndani yake kulikuwa na kitu kilichopumua.

Ikiwa povu halikutokea, hamira hiyo ni ya zamani au maziwa yalikuwa moto. Usiendelee, utapoteza unga bure. Anza tena na hamira nyingine.

Shosho alichanganya vyote pamoja katika karai, akiongeza maziwa kidogo kidogo, maana viazi vina maji yake na viazi vya msimu mmoja si sawa na vya msimu mwingine. Halafu akakata madonge manane yaliyo sawa. Kila mtoto alipewa donge lake na mahali pake kwenye meza iliyonyunyiziwa unga, akalikanda kwa kiganja: kusukuma mbele, kukunja, kugeuza, kusukuma tena. Inatakiwa karibu dakika 10 mpaka unga uwe laini na uvutike bila kukatika. Watoto huchoka baada ya dakika tatu, basi wakawa wanakanda mpaka wamehesabu 20, wanapumzika, wanaanza tena.

Kuna jambo moja ambalo Shosho hakulifanyia mzaha, nalo ni kulamba unga mbichi. Unga wa ngano haukupikwa kinuni, na waweza kuwa na vijidudu vya kuharisha kama vile mayai mabichi. Mtoto mmoja alijaribu. Alitumwa aoshe mikono tena na kusukutua, na wenzake wakamngoja. Hiyo ilitosha kuwa adhabu.

Baridi ya Kinangop

Kinangop iko futi 8,000 na zaidi juu ya bahari. Asubuhi ni baridi, na katika nyumba baridi unga huchelewa sana kuumuka. Shosho alifunika madonge kwa kitambaa kilicholowana kidogo, akayaweka karibu na jiko, lakini si juu yake. Upande mwingine, huku juu hewa ni nyepesi, na unga ukishapata joto huumuka upesi kuliko kule chini. Kwa hiyo usiende na saa, bali uangalie unga wenyewe. Ukiwa umefikia ukubwa mara mbili, umetosha. Ukiuacha zaidi utajaa hewa kupita kiasi, kisha utaanguka ndani ya moto.

Muda huo wa kungoja ulikuwa karibu saa nzima. Watoto walifagia, wakaosha vyombo, halafu wakacheza.

Waliporudi, kila mmoja alitengeneza mkate wake kwa umbo alilotaka. Hapa nilijifunza tena. Mvulana yule wa mstari wa majivu alitaka kutengeneza ng'ombe. Alimfanyia tumbo kubwa, miguu minne myembamba na pembe. Shosho alimwambia kwamba miguu itaungua kabla tumbo halijaiva. Mtoto alishikilia ng'ombe wake. Nilidhani mama yule atamtengenezea vizuri, lakini alimwacha. Wengine walifanya duara, na mmoja alifanya herufi ya kwanza ya jina lake.

Jiko bila oveni

Msomaji asiseme kwamba hana oveni. Katika vilabu vya Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa 1952, akina mama walifundishwa upishi, ushonaji na usafi, na wengi wa mama zetu walijifunza kuoka bila oveni hata moja. Njia ni hii.

Twaa sufuria kubwa nzito, ya zamani. Tandaza mchanga mkavu chini, unene wa vidole viwili, na juu yake weka mawe matatu bapa. Mawe yasitoke mtoni, maana jiwe lenye maji ndani huweza kupasuka likipata moto. Funika kwa kifuniko bapa cha chuma, uiweke jikoni kwa dakika 15 ipate joto. Kisha weka mikate ndani ya sufuria ndogo au bati lililopakwa mafuta, ulikalishe juu ya mawe, ufunike, na uweke makaa juu ya kifuniko. Makaa machache yawe chini, na mengi yawe juu. Watu wengi hukosea hapo, wakaweka moto mwingi chini kama wapikao ugali, na mkate ukaungua chini huku juu ni mweupe. Mikate midogo huiva kwa dakika 20 hadi 25. Ukigonga upande wa chini na ukasikia mlio kama wa kitu kitupu, umeiva.

Kazi hii yote ni ya mtu mzima peke yake, na watoto wote wawe nje ya mstari, hasa wakati wa kuinua kifuniko chenye makaa. Tena jiko la makaa liwe nje au mahali penye hewa nyingi. Makaa hutoa hewa yenye sumu isiyoonekana wala kunukia. Katika sehemu zetu za baridi watu huingiza jiko chumbani ili wapate joto, wakafunga mlango na kulala, na wengine hawakuamka. Mkate ukiisha kuiva, makaa yazimwe hapo hapo nje.

Kwa mtu mzima mmoja, mimi nadhani watoto saba ni mwisho, na hao ni kwa mtu mwenye moyo wa Shosho. Anayeanza na aanze na wawili au watatu. Wakiwa wengi zaidi, atafutwe mtu mzima wa pili: mmoja akae na moto, mwingine na watoto. Na huyo wa pili kwa nini asiwe baba? Siku ile nilikuwa mwanamume pekee pale, nami ndiye niliyewatazama watoto wakati Shosho alipokuwa jikoni. Sikuona kwamba nimepungukiwa na kitu, ila suruali yangu ilijaa unga.

Mkate wa nane

Kifuniko kilipoinuliwa harufu ilienda mpaka barabarani. Yule ng'ombe alikuwa kama Shosho alivyosema: miguu imekuwa mkaa, tumbo bado bichi katikati. Mwenyewe alimwangalia kwa muda. Nilidhani atalia. Badala yake aliuliza, "Nikimfanya amelala, ataiva?" Shosho akasema ataiva. Basi Jumamosi ifuatayo ng'ombe atakuwa amelala. Wenzake walimkatia vipande vya mikate yao, na tumbo la ng'ombe likarudishwa motoni.

Madonge yalikuwa manane na watoto saba. Mkate wa nane ulikuwa mezani, wala haukuwa na mwenyewe. Watoto walianza kuhesabu nani alifanya kazi zaidi. Mmoja alisema ukatwe vipande saba, na mwingine akasema ni wa Shosho. Ndipo msichana mmoja wa miaka mitano, miongoni mwa wale waliokuwa wakitusikiliza wakati wa kumenya viazi, akasema, "Apelekewe yule mtoto aliyeungua."

Hakuna aliyepinga. Shosho aliufunga katika karatasi safi, nami nikautia mfukoni mwa koti ukiwa bado na joto.

Binti yangu sasa ana miaka sita. Nilipompa mkate ule jioni aliuliza umenunuliwa duka gani. Nilimwambia umeokwa na watoto, tena wengine ni wadogo kuliko yeye. Hakuniamini. Alimwita mama yake aje kusikia. Kisha akauliza kama walikuwa karibu na moto, nami nikachukua kijiti, nikamchorea mstari chini na kumweleza.

Jumamosi iliyofuata tulimwaga majivu kulizunguka jiko letu. Binti yangu alipima unga, akajaribu maziwa juu ya kifundo cha mkono ule wenye alama, akasema yako sawa. Mama yake alikanda pamoja naye. Mimi nilishika moto, nikaweka makaa mengi mno chini, ingawa nilikuwa nimeonywa. Mikate yote sita ilikuwa myeusi upande wa chini. Tulikwangua kwa kisu, tukala ya juu na chai.